Kiboko Asiyekalia Viti Vyake

Sogeeni. Wewe, shuka kwenye mkono wa hilo kochi, kochi si mti. Na wewe acha kumfinya mwenzako. Mkinikatiza nanyamaza, na mnanijua.

Hapo zamani za kale, zamani zile ambazo wanyama walikuwa na milango ya kufunga, mashuka ya kufua na majirani wa kuwateta, paliishi mjane mmoja akiitwa Bi Nguchiro. Nguchiro mnamjua: mdogo, mwembamba, mkia mrefu, na hapiti mahali bila kusimama kwa miguu miwili, shingo juu, akatazama kushoto na kulia. Akipewa chai, anainusa. Akisalimiwa, anageuka nyuma kuona kama aliyesalimiwa ni yeye. Akiambiwa "chukua bure", hapo ndipo anapotoka mbio kabisa.

Wenzake walimcheka. Mimi simcheki.

Bi Nguchiro alikuwa na binti mmoja tu, Sikujua, na Sikujua alikuwa amechumbiwa na kijana wa ng'ambo ya kilima. Sasa sikilizeni mila ya kijiji kile. Siku ya harusi, mashangazi wa bwana harusi huja kwa bibi harusi. Si shangazi mmoja, kundi zima! Wanaingia chumbani, wanapanda wote kwa pamoja kwenye kitanda kipya cha bibi harusi, wanakaa, wanaimba na kurukaruka. Kitanda kikistahimili, vigelegele. Kikivunjika, mashangazi wanakung'uta nguo zao, wanatoka, na bibi harusi anabaki kwa mama yake. Hakuna kubembeleza.

Jambo hilo lilikuwa limemkuta Mashavu, binti wa Bi Nungunungu. Mashangazi walikaa, wakaimba mstari mmoja tu, mara kro-kro-kro, puu! Wote chini. Tangu siku hiyo Mashavu hakutaka kuonekana. Hata kisimani alikwenda wenzake wakisharudi.

Bi Nguchiro alikuwa amejibana, akaacha hata sukari kwenye chai, mpaka akapata fedha ya kitanda kimoja. Kimoja tu, jamani. Kikivunjika hakuna kingine, na harusi ya Sikujua ndiyo basi tena.

"Mama," Sikujua akasema, "twende kwa Bwana Kiboko. Kila mtu ananunua kwake."

"Hicho ndicho kinachonitia shaka," akajibu mama yake.

Bwana Kiboko alikuwa na duka kubwa lililoitwa Funga Mwenyewe. Vitanda, makabati na makochi aliviuza vikiwa vipande vipande ndani ya boksi bapa. Unalipa, unajitwika boksi kichwani, unafika nyumbani unatoa mbao na kifuko cha skrubu, unajifungia mwenyewe. Na bei yake ilikuwa rahisi kweli. Rahisi mpaka Mzee Kigong'ota, fundi wa mbao wa kijiji, alikosa wateja, akafunga patasi zake akahamia mbali.

Bi Nguchiro hakwenda dukani. Kwanza alipita kwa jirani yake Ngiri, aliyekuwa amenunua kochi pale pale.

"Hodi!"

"Karibu, karibu jirani! Kaa hapo mkekani."

"Mkekani? Na lile kochi lako jipya?"

Ngiri akakohoa. "Kochi lipo. Limepumzika."

"Kochi linapumzika?"

"Si unaona joto hili?"

Bi Nguchiro akaona pazia kwenye pembe ya chumba. Pazia lenyewe halikuwa na dirisha nyuma yake. Machale yakamcheza. Akaruka, chwi! akalivuta. Lo! Kochi lilikuwa limelala chali, mgongo huku, miguu kule.

"Shh!" Ngiri akamwomba, akifunga mlango haraka. "Jirani, nisitiri. Watoto wangu wadogo wale walikaa tu, likaenda chini. Nikamfuata Bwana Kiboko, akaniambia kosa ni langu. Akasema, 'Skrubu ya tatu umeikaza upande.' Sasa mimi, dume zima na meno yangu haya, nikatangaze kwamba nimeshindwa na skrubu?"

Bi Nguchiro akagusa pale palipovunjika. Palimomonyoka. Akanusa, akapiga chafya, chya!

"Ngiri, hii ni mbao?"

"Ni mbao bwana! Huoni rangi ya mninga?"

"Rangi naiona," akasema Bi Nguchiro. "Mninga ndio siuoni. Hili ni vumbi la mbao limeshindiliwa kwa gundi."

Akatoka hapo akaenda kwa Bi Nungunungu. Huko nako mkeka. Huko nako pazia. Na nyuma ya pazia, kile kitanda cha Mashavu, kimerundikwa kama kuni. Bi Nungunungu alianza kulia kabla hajaulizwa.

"Ni mimi niliyemharibia mwanangu," akasema. "Nilikifunga kwa mikono yangu hii. Bwana Kiboko alikuja akatazama, akasema skrubu ya tatu nimeikaza upande. Kila nikimwona Mashavu ameinama pale pembeni, natamani ardhi inimeze."

Bi Nguchiro akasimama kwa miguu miwili.

"Ngiri kakosea skrubu ya tatu. Na wewe umekosea skrubu ya tatu. Kwani kijiji kizima kina mkono mmoja?"

"Mh?" Bi Nungunungu akafuta machozi.

"Mh hiyo hiyo. Niachie mimi."

Mnaona? Kila nyumba ilikuwa na pazia lake, na kila mtu alidhani mjinga ni yeye peke yake. Wangevuta mapazia siku moja tu wakaulizana, mchezo ungekwisha. Lakini nani angeanza? Wangechekwa!

Siku ya gulio Bi Nguchiro na Sikujua wakaenda Funga Mwenyewe. Duka limejaa. Bwana Kiboko mwenyewe, tumbo mbele, alikuwa amekaa karibu na mlango akijipepea.

"Karibu mama, karibu! Kitanda? Kabati? Meza ya wageni? Mali safi, inadumu mpaka wajukuu!"

Bi Nguchiro hakutazama mali. Alitazama kile alichokalia Bwana Kiboko. Kilikuwa kigoda cha zamani, cha mti mzima, kimechongwa kwa mkono.

"Bwana Kiboko, duka limejaa viti. Mbona wewe unakalia kigoda?"

"Aaa, viti ni vya wateja. Sitaki kuvichafua."

"Una roho nzuri," akasema Bi Nguchiro, na moyoni akasema: mh!

Akazunguka. Akainua boksi moja la kitanda kwa mkia tu, likanyanyuka kama kapu tupu. Mh! Akapenyeza kidole chenye mate kwenye ukingo wa ubao, mahali ambapo rangi haikufika, akasubiri. Ukingo ukavimba kama andazi.

"Wee!" Bwana Kiboko akafoka. "Bidhaa hailambwi!"

"Samahani, ni mazoea."

Akajipenyeza nyuma ya rundo, kwenye pembe yenye giza. Huko kulikuwa na maboksi mengine, yamefungwa kwa kamba ya katani. Akajaribu kuinua moja. Wapi! Akalisukuma kwa mgongo. Wapi! Akatoboa pembe akauma ubao uliokuwa ndani, meno yakagoma. Harufu ya mninga ikampanda puani, mninga wenyewe, si rangi.

"Na haya je, Bwana Kiboko?"

Bwana Kiboko akanyanyuka mbio, sakafu ikatetemeka. "Toka huko! Hayo si ya kuuza. Hayo ni ya nyumbani kwangu!"

"Ahaa," akasema Bi Nguchiro taratibu. "Ya nyumbani kwako."

Akatabasamu. Na nguchiro akitabasamu, wewe shika mfuko wako.

Kufumba na kufumbua alikuwa amepanda juu ya kabati la maonyesho, mbele ya wateja wote.

"Jamani! Nimepata kitanda cha mwanangu! Na nimempata fundi!"

Duka zima likageuka. Ngiri alikuwapo, Bi Nungunungu alikuwapo, na hata Bi Mwantumu, shangazi mkubwa wa bwana harusi, alikuwa amekuja kutafuta kibao cha mbuzi cha kukunia nazi.

"Mnakumbuka mila yetu? Zamani fundi aliyetengeneza kitanda alikuwa anakikalia yeye kwanza, ndipo mashangazi wanapanda. Si kweli, Shangazi?"

"Kweli kabisa!" Shangazi Mwantumu akaitikia. "Mila ndiyo hiyo. Tangu Mzee Kigong'ota ahame, mmeitupa."

"Tumeitupa kwa sababu hatuna fundi! Kila mtu anajifungia mwenyewe, anakosea skrubu, anaaibika. Mwanangu haaibiki. Kitanda chake atakifunga Fundi Mkuu, Bwana Kiboko, kwa mkono wake. Na akikalie yeye kwanza. Na sahani ya kwanza ya pilau ni yake!"

"Alililililiii!" wanawake wakapiga vigelegele.

Bwana Kiboko akameza mate. "Asante, asante sana. Lakini siku hiyo nina safari."

"Siku sijaitaja," akasema Bi Nguchiro.

Wateja wakaanza kutazamana. Mmoja akaweka chini boksi alilokuwa amekwishabeba. Bwana Kiboko akaliona boksi lile linavyoshuka.

"Natania tu, jamani!" akacheka, ha ha ha. "Fundi Mkuu nitakosaje? Nitakuja!"

Lakini kichwani mwake hesabu nyingine ilikuwa inakwenda. Nikimpa kitanda cha vumbi, nitaanguka mimi mbele ya watu. Nisipokwenda, wataulizana kwa nini. Basi huyu nimpe kimoja cha mninga, kama changu. Watakiona kimenibeba, watakuja kununua vya vumbi kwa fujo. Kilemba cha ukoka alichovikwa kilikuwa kimemkaa vizuri kabisa.

Akamwuzia Bi Nguchiro boksi moja lenye kamba ya katani, kwa bei ile ile ya yale mepesi.

Walilisukuma hadi nyumbani, mama huku, binti huku, wakihema. Bi Nguchiro akalifungua, akauma kila ubao, akahesabu chaga za kuwekea godoro, akajaribu kila skrubu kama inaingia bila kulazimishwa. Vyote vizima. Kisha akalikalia boksi.

"Mama, sasa si tumepata?"

"Tumepata boksi, mwanangu. Harusi bado."

Na kweli, jioni yake Bwana Kiboko akapiga hodi, na nyuma yake kaburuta boksi jepesi.

"Nimepita tu kukagua skrubu. Naweza kubaki nalo peke yangu kidogo?"

"Skrubu zimelala," akajibu Bi Nguchiro kupitia tundu la mlango. "Njoo harusini."

Mnasikia? Alitaka kubadilisha! Uchoyo wa mninga ulimsahaulisha kwamba atakayekikalia kwanza ni yeye. Watu wa namna hiyo hawaoni haya.

Siku ya harusi ikafika. Ua na nyumba vikajaa, pilau ikanukia, na Sikujua alikuwa nyuma ya mlango, kajifunika kanga. Bwana Kiboko akaingia chumbani na bisibisi mkononi. Kwiri, kwiri, kwiri, akafunga matendegu, miguu yote minne. Kwiri, kwiri, akapanga chaga. Akageuka, akajishusha, tii! Kitanda kikalia kriii kidogo, kikanyamaza. Hakikutikisika.

"Haya, wenzangu!" Shangazi Mwantumu akaamrisha, na kundi zima la mashangazi likapanda.

"Kitanda tubebe, e!
Usitudondoshe, e!"

Waliruka, wakaruka tena, huku Kiboko bado kakaa katikati. Kitanda kimya.

"Kimeshika!" akatangaza Shangazi Mwantumu. Alililililiii! Nyuma ya mlango Sikujua alilia kwa furaha, kanga ikalowa.

Ningeweza kuishia hapo. Bi Nguchiro kitanda amepata, cha mninga, kwa bei rahisi. Lakini Bwana Kiboko naye akasimama, kifua mbele.

"Mmejionea! Ukifunga sawasawa, hakivunjiki. Wanaovunjikiwa ni wazembe tu! Maboksi yapo dukani, wahini!"

Bi Nungunungu akainamisha kichwa. Mashavu, aliyekuwa amejibanza nyuma ya mama yake, akaanza kunyata kuelekea mlangoni.

"Mama, twende tukale," Sikujua akanong'ona. "Yetu yamekwisha."

"Yetu, ndiyo," akasema Bi Nguchiro. "Ya Mashavu bado." Kisha akapaza sauti. "Fundi Mkuu! Pilau haijaiva vizuri. Tukiisubiri, mfungie Ngiri kochi lake. Na skrubu ya tatu uikaze unavyojua wewe."

Ngiri akatamani kujificha chini ya mkeka. Lakini macho yote yalikuwa kwake, akainuka, akaenda, akarudi na vipande vya kochi lake mgongoni. Watu wakaguna. Ndipo mwingine akasema kwa sauti ndogo, "Hata langu liko hivyo." Na mwingine, "Kabati letu pia." Na mwingine. Na mwingine. Mapazia yakaanza kuvutwa.

"Hata wewe? Mimi nilidhani ni mimi tu!"

"Alikuambia nini?"

"Skrubu ya tatu!"

"Ebo! Hata mimi!"

Bwana Kiboko jasho likamtoka. Akaona akikataa, wamemkamata. Akafunga kochi la Ngiri, taratibu, skrubu moja moja, hasa ile ya tatu. Akamaliza, akakung'uta vumbi mikononi. "Haya, liko tayari. Kwa herini."

"Ngoja kwanza," akasema Shangazi Mwantumu. "Fundi hukalia wa kwanza."

"Mguu unaniuma."

"Ukikaa utapona."

"Nimeshiba."

"Hujala bado!"

Ikabidi. Bwana Kiboko akageuka, akashuka polepole, polepole, akasimama katikati ya njia, magoti yanatetemeka, makalio hayajagusa kitu.

"Hujakaa!" watoto wakapiga kelele. "Umechuchumaa!"

Hapo Bi Nguchiro akatoka jikoni na sinia la pilau, linafuka moshi, nyama juu. "Sahani ya kwanza, Fundi Mkuu, kama nilivyoahidi." Akamwekea mapajani.

Bwana Kiboko akaitazama nyama. Harufu ikampanda. Akasahau magoti.

PWAAAA!

Jamani! Vumbi liliruka hadi darini. Chya! Chya! Nyumba nzima ilipiga chafya. Lilipotulia, Bwana Kiboko alikuwa amekaa sakafuni, katikati ya mbao zilizogeuka unga, mweupe kuanzia masikioni hadi miguuni, sinia kichwani kama kofia.

Ngiri akasogea, akainama, akamwuliza kwa upole kabisa: "Skrubu ya tatu?"

"Haki ya nani, si mikono yangu!" Bi Nungunungu akapiga kelele. "Mashavu! Mwanangu! Si mikono yangu!"

Mashavu akarudi kutoka mlangoni. Akapita katikati ya watu wote, kichwa juu, miiba yote imesimama, shaaa! Bwana Kiboko alipoiona inamjia, hakungoja kuelezwa. Alitoka mbio na sinia lake hadi mtoni, akajitosa, chubwi! Vumbi na gundi havikumtoka upesi, ndiyo maana hadi leo yumo majini mchana kutwa, macho tu yako juu, anachungulia kama watu wameondoka.

Yale maboksi ya kamba ya katani? Yalifunguliwa asubuhi yake, wote waliotapeliwa wakagawana mbao za mninga. Mzee Kigong'ota akaitwa arudi, ko ko ko, kijiji kikachangamka tena.

Na wale mashangazi waliomkimbia Mashavu walikuja kuomba radhi, na posa juu yake. Mashavu akawapokea vizuri tu. Akawaambia, "Karibuni, ketini," akawasogezea kiti cha Funga Mwenyewe.

Haya, mkia wa hadithi nimeushika mimi, kalaleni, na mkumbuke hili moja: kabla hujatoa fedha yako, mwambie muuzaji akikalie yeye kwanza.